Somo: Kuuvusha mwasmini msimu wa baridi ughaibuni

Assalaam alaykum wapenzi wa maua. Somo hili nililiahidi tangu Ramadhani, na nimelichelewesha kwa sababu nilitaka kwanza binti yangu anipigie picha ya chungu chetu kilichoko Birmingham, Uingereza. Picha imefika. Mwasmini ule una miaka kumi na moja, uko dirishani, na una matumba. Mimi nimerudi Lamu, nina miasmini sita uani hapa mtaa wa Langoni, lakini moyo wangu uko kwenye ule mmoja wa kule, kwani ndio ulionifunza haya ninayoyaandika.

Niliishi Birmingham miaka tisa. Mwasmini wangu wa kwanza ulikufa Desemba ya kwanza, wa pili ukafa Januari iliyofuata, na yote miwili haikuuliwa na baridi. Niliiua mimi kwa maji. Nilikuwa nikiona jani limelegea nadhani ni kiu, kama ambavyo ningedhani hapa wakati wa kaskazi, basi namimina. Jani likizidi kulegea nazidisha maji. Nilipoung'oa ule wa pili kwenye chungu, mizizi ilikuwa myeusi, yateleza mkononi, na harufu yake ni ile ya tope la mikokoni maji yakipwa. Nililia, sioni haya kusema.

Hili ndilo ninalotaka mlishike kabla ya hatua yoyote. Hapa Lamu mchana ni saa kumi na mbili, mwaka mzima, ongeza dakika chache au punguza. London tarehe 21 Desemba mchana haufiki saa nane, na jua lenyewe liko chini, hafifu. Jani hufanya kazi kwa mwanga. Mwanga ukipungua kazi hupungua, na mmea usiofanya kazi haunywi. Maji unayoyatia hukaa chunguni, udongo hukosa hewa, mizizi huoza. Kwa hiyo Novemba hadi Februari mwasmini umelala, na kazi yako ni kuuacha ulale.

Hatua ya kwanza: ujue unachokinunua

Usichukue tawi kwenye begi. Uingereza na nchi nyingi za Ulaya hazipokei mmea wa kupanda bila cheti cha afya ya mimea, ambacho hapa Kenya hutolewa na KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na udongo wetu hauruhusiwi kabisa. Nunua huko huko, kwa jina la kitaalamu: Jasminum sambac. Jina la asmini kule hubandikwa mimea mingi, na wengi wetu tumenunua mmoja tukitarajia mwingine.

Tazama jani. Mwasmini wetu una jani moja zima, pana, la mviringo wenye ncha, linang'aa, na majani hukaa mawili mawili yakielekeana. Ule unaopanda kuta za bustani za Uingereza, Jasminum officinale, jani lake limegawika vijijani kadhaa kwenye kikonyo kimoja. Huo unavumilia baridi ya nje na unanukia vizuri, lakini si huu. Kuna mwingine huitwa asmini nyota: ukivunja kikonyo chake hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Wetu hautoi utomvu. Na kuna wa maua ya manjano, Gelsemium sempervirens, unaoitwa asmini ya Carolina. Huo si asmini na una sumu kila sehemu. Mwenye watoto wadogo asiuingize nyumbani.

Ukiupata sambac utakutana na aina mbili zaidi ya nyingine. Maid of Orleans ina petali chache, hukua haraka na kuzaa sana. Grand Duke of Tuscany ina petali nyingi zilizobanana kama kiwaridi kidogo, nzuri mno, lakini hukua polepole na huhitaji subira. Anayeanza achukue ya kwanza. Ndiyo ya kutungia mashada pia.

Hatua ya pili: chungu na udongo

Chungu kiwe na matundu chini, na kisiwe kikubwa. Hamishia kwenye kile kinachozidi cha zamani kwa vidole viwili tu. Chungu kikubwa hubeba maji mengi ambayo mizizi haiwezi kuyamaliza. Changanya mboji ya dukani mafungu mawili na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za kupitisha maji na hewa) au changarawe ndogo fungu moja. Msitie mchanga wa pwani, una chumvi. Samadi ya punda tunayotumia sisi hapa muisahau. Chunguni, ndani ya nyumba, huleta vijidudu na harufu.

Hatua ya tatu: kiangazi chao

Sakitu, yaani ule umande unaoganda, ikishapita kabisa (Uingereza ngojea mwisho wa Mei), toa chungu nje. Usikitoe siku moja. Wiki ya kwanza kikae kivulini kwa muda wa saa mbili au tatu tu kwa siku, kisha urudishe ndani jioni. Jani lililokulia ndani likipigwa jua la ghafla huungua likawa na mabaka meupe.

Baada ya hapo kipe jua lote. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta hatufikirii jua liko upande gani, kwani linapita utosini. Kule ukuta na dirisha la kusini ndilo lenye jua. La kaskazini halina. Nilikaa mwaka mzima sijui hili.

Kiangazi mwasmini unakunywa na unakula. Maji kila udongo wa juu ukikauka, mbolea ya maji inayouzwa kwa ajili ya nyanya kila wiki mbili, kwa sababu ina potasiamu nyingi na potasiamu husaidia maua. Ukishazaa mkupuo mmoja, pogoa ncha. Asmini huchanua kwenye machipukizi mapya, basi tawi usilolikata halikupi maua mengi.

Hatua ya nne: kuingiza ndani

Usingoje baridi uisikie wewe. Tazama kipimajoto cha usiku: kikikaribia nyuzi 10, chungu kiingie. Kwa Uingereza huwa ni Septemba, na sehemu za kaskazini zaidi mapema. Mimea ya joto huumia hata kabla maji hayajaganda, seli zake zinaharibika kwa ubaridi tu.

Kabla hujaingiza, pindua kila jani utazame chini yake. Vidung'ata ni vile vya pamba nyeupe kwenye maungio ya kikonyo: vifute kwa pamba iliyochovywa spiriti. Utitiri mwekundu ni mdogo hata huuoni vizuri, ila utaona utando mwembamba na jani limetonwa vidoadoa. Ogesha mmea wote kwa maji, chini ya majani hasa, na urudie baada ya siku chache.

Hatua ya tano: baridi yenyewe

Hapa ndipo miasmini mingi hufa.

Weka dirishani penye mwanga mkubwa kuliko pote nyumbani, jani lisiguse kioo. Usiweke juu ya kile chombo cha kupashia joto ukutani. Hewa yake kavu huyamaliza majani, na utitiri huipenda hewa kavu. Chumba cha nyuzi 13 hadi 16 kinafaa kuliko sebule ya moto. Chini ya chungu weka sinia la kokoto lenye maji kidogo, chungu kikae juu ya kokoto, si ndani ya maji.

Maji: tia kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Ukisikia unyevu, ondoka. Njia bora zaidi ni kuinua chungu. Kiinue siku umetoka kutia maji, ukumbuke uzito wake, kisha kiinue kila baada ya siku tatu. Siku kitakapokuwa chepesi kabisa mkononi, hapo tia, maji yatokee chini, na yaliyobaki kwenye kisahani uyamwage. Kwetu ilikuwa kila siku kumi na mbili au zaidi. Mbolea hakuna mpaka Machi.

Majani mengine yataanguka. Yaache yaanguke.

Hatua ya sita: Machi

Mchana ukirefuka utaona vijicho vya kijani kwenye maungio. Pogoa theluthi moja, badilisha udongo wa juu, anza maji taratibu.

Kuhusu maua yetu mengine nitasema kwa ufupi. Mrehani ni rahisi, panda mbegu Aprili dirishani, uvune, mwaka ujao panda tena. Mkadi na mlangilangi msijaribu bila nyumba ya kioo yenye joto. Waridi ni kinyume: baridi ya kule inalifaa, lipandeni nje mtafurahi, petali za kikuba, kile kishada chetu cha kunukia, mtazipata bure.

MASWALI YA WANACHAMA

Binti Shela, Oslo: Shikamoo mama. Wangu umedondosha majani yote Novemba, kimebaki kijiti. Mume wangu ataka kuutupa. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mwambie angoje. Kwaruza gome kwa ukucha, kidogo tu, karibu na shina. Ukiona kijani kibichi chini yake, uko hai. Ukiona kahawia na pakavu, shuka chini ukwaruze tena, huenda umekufa juu tu. Oslo mchana wa Desemba ni kama saa sita, kwa hiyo usishangae. Maji kijiko kwa kijiko, na subira hadi Machi. Na mkumbushe mumeo kwamba ua la Usambara, lile la zambarau linalouzwa kila duka la Ulaya, asili yake ni milima ya Tanga. Mjerumani Walter von Saint Paul alipeleka mbegu zake kwao mwaka 1892, na Wajerumani hadi leo hulitaja kwa jina la Usambara. La kwetu linaweza kuishi kule, likishughulikiwa.

Mlamu wa London: Majani yamegeuka manjano lakini mishipa bado kijani. Maji nimepunguza kama ulivyotufunza. Ni nini?

Jibu: Ni maji ya bomba, si wingi wake. Maji ya London yana chokaa nyingi. Chokaa ikijaa udongoni mizizi haiwezi kuchukua chuma, na jani likikosa chuma hugeuka manjano mishipa ikabaki kijani, vile vile ulivyoeleza. Kinga maji ya mvua, kule hamkosi mvua. Kwa sasa nunua mbolea ya mimea inayopenda tindikali, ina chuma. Majani ya zamani hayatarudi vizuri, tazama mapya. Birmingham mimi sikupata shida hii, maji yake hutoka milima ya Wales na ni laini.

Msomali wa Toronto: Nakaa ghorofa ya tisa, dirisha langu ni la kaskazini, na nje yafika nyuzi 20 chini ya sifuri. Nisijaribu?

Jibu: Jaribu, lakini dirisha hilo peke yake halitoshi. Nunua taa ya LED ya mimea, itundike shubiri moja na nusu juu ya majani, iwake saa kumi na mbili hadi kumi na nne kwa siku, na usiku izime. Usiku wa baridi kali usogeze chungu mbali na kioo.

Mama wa Leicester: Samahani dada, mimi nauweka sebuleni nyuzi 22, namwagilia kila wiki, na Januari iliyopita umechanua. Naona somo lako lina woga.

Jibu: Mashallah, na sibishani na ua lililochanua. Lakini niambie, una taa au kibaraza cha vioo? Joto na maji vikiwa pamoja na mwanga, mwasmini hauna haja ya kulala. Joto na maji bila mwanga ndiyo yaliyoniulia yangu. (Amejibu: kibaraza cha vioo, upande wa kusini.) Basi endelea hivyo hivyo, na wasio nacho wafuate somo.

Mzee wa Malindi: Bi, mwanangu yuko Ujerumani, ataka bogenvilia. Ni mambo yale yale?

Jibu: Yale yale, tena ni ngumu zaidi kufa. Iingie ndani nyuzi 10, ikauke karibu kabisa, majani yatapukutika yote. Mwambie zile rangi si petali, ni majani yaliyozunguka kiua kidogo cheupe, na hutoka kwa wingi mmea ukipata jua kali na kiu kidogo. Maji mengi huipa majani tu.

Binti Shela, Oslo: Mama, nimekwaruza. Ni kijani! Swali jingine: ukichanua inshallah Julai, kuna harusi ya mdogo wangu. Nichume saa ngapi? Nikingoja adhana ya magharibi kama kwetu, hapa nilipo ni usiku sana.

Jibu: Alhamdulillah. Usifuate adhana, hata Birmingham magharibi ya Juni ni kama saa tatu na nusu usiku, na kwako ni baadaye zaidi. Fuata tumba. Lililo tayari limenenepa, limetoka kijani likawa jeupe lote, ncha bado imefungwa. Lichume alasiri, utandaze kwenye kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, ukunje, utie kwenye friji sehemu ya mboga, si ya barafu. Chungu kimoja hakitakupa shada zima. Kitakupa matumba kumi, kumi na tano. Yatunge kwa uzi mmoja pamoja na mrehani, umfunge nyweleni saa moja kabla ya wageni kuingia. Yatafunguka kichwani mwake.