Somo: kumzoesha mtoto kupiga mswaki, hasa ule wa usiku

Habari zenu wazazi wenzangu. Leo tuongelee meno ya watoto mana hili limeniuma mwenyewe. Mwanangu wa kwanza aling'olewa gego ana miaka 5, shavu limevimba, siku tatu halali, na kila niliyemwonyesha kale kashimo mwanzoni aliniambia achana nako, meno ya utoto hayo yatang'oka tu. Nikaacha. Kumbe magego ya utoto yanakaa mpaka miaka 10 hadi 12 na ndo yanayoshika nafasi ya meno ya ukubwani! Wa pili nilibadilisha kila kitu, sasa ana miaka 6 hana tundu hata moja.

Hatua ya 1. Anza jino la kwanza likichomoza tu, miezi 6 hivi, wengine wanachelewa mpaka mwaka usiogope. Kabla ya hapo mimi nilikuwa namfuta fizi na kitambaa safi chenye maji wakati wa kumwogesha, ili azoee kuguswa mdomoni.

Hatua ya 2. Dawa ya meno iwe na floraidi (madini yanayokinga meno yasioze), soma boksi, iwe kuanzia ppm 1000 (ppm ndo kipimo cha floraidi iliyomo). Chini ya miaka 3 weka kiasi cha punje ya mchele, miaka 3 mpaka 6 punje ya njegere, basi. Weka wewe, usimwachie tyubu mana zile tamutamu wanazila.

Hatua ya 3, hapa ndo penyewe. USIKU. Asubuhi hatusahau kwa sababu ya harufu, ila usiku mtoto ameshalala kwenye kochi, unamwonea huruma unambeba mpaka kitandani hivyohivyo na chai na mkate mdomoni. Akilala mate yanapungua, na mate ndo yanayosafisha ile asidi ambayo bakteria wanatengeneza wakila sukari, kwa hiyo meno yanaliwa usiku kucha. Mimi niliuhamisha mswaki, akimaliza tu chakula cha usiku kabla hajaanza kusinzia tunapiga, baada ya hapo ni maji tu. Mlaze kichwa mapajani kwako aangalie juu, utaona mpaka gego la mwisho. Zungusha mswaki taratibu nje, ndani na pale pa kutafunia, sisi tunahesabu mpaka 30 kila upande, juu kulia, juu kushoto, chini vilevile, dakika 2 hizo zimeisha. Kisha ateme, asisukutue na maji, ile floraidi ibaki kwenye meno (najua sote tulifundishwa kusukutua mpaka povu liishe, ila ndo hivyo).

Akitaka kupiga mwenyewe mpe zamu yake, alafu wewe umalizie, mpaka afike miaka 7 au 8. Mtoto ambaye hajaweza kufunga kamba za viatu, mkono wake bado haujaweza mswaki.

Hatua ya 4. Na wewe piga naye, akuone.

Hatua ya 5. Vitu vitamu angalia MARA NGAPI, sio kiasi tu. Pipi, ubuyu, juisi ya boksi, kila akionja meno yanashambuliwa kama nusu saa hivi, kwa hiyo pipi mbili baada ya mlo ni afadhali kuliko moja saa nne nyingine saa nane. Na asilale na chupa ya maziwa mdomoni. Mara moja moja mwinue mdomo wa juu uchungulie, ukiona weupe kama chaki karibu na fizi ndo kuoza kunaanza, wahi kwa daktari wa meno hapo bado panaokoleka.

MASWALI

Swali: Wangu ana mwaka na nusu, akiona mswaki tu analia, nimsubiri akue?
Jibu: Usisubiri dada. Mpe mswaki mmoja ashike, wewe piga na mwingine, hata sekunde 20 kwanza, ila iwe kila siku muda uleule.

Swali: Tupo Arusha, maji ya huku yanafanya meno ya brauni. Si nitamzidishia floraidi?
Jibu: Ile rangi inatokana na kumeza floraidi nyingi miaka ambayo meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi, na njia kubwa ni maji. Kuchemsha hakuitoi. Ukiweza tumia maji ya mvua kunywa na kupikia, na punguza magadi kwenye maharage mana nayo yanayo. Dawa ibaki punje ya mchele, asimeze, na muulize daktari wa meno wa hukohuko.

Swali: Bibi yake anasema mtoto anaharisha sababu ya meno ya nailoni, anataka yakatolewe.
Jibu: Nakuomba sana mama usimpeleke. Kile cheupe kwenye fizi wanachokiita jino la nailoni ni chonge lake la utoto bado halijatoka. Wakichokonoa anaweza kuvuja damu, kupata maambukizi, hata chonge la ukubwani likaharibika. Kuharisha mpe ORS na zinki, muwahishe kituo cha afya, na bibi nenda naye amsikie nesi mwenyewe.

Swali: Ana miaka 6, limetoka gego nyuma kabisa na hakuna lililong'oka. Ni la utoto?
Jibu: Hapana, hilo ni la ukubwani, likioza halina mbadala. Lipo fupi kuliko wenzake, kwa hiyo ingiza mswaki kutokea pembeni ya shavu, na muulize daktari kuhusu kuziba vile vibonde vya juu mapema kabla havijaoza.