Kufunga Spesa za Magurudumu kwenye Toyota 86 na Subaru BRZ

Toyota 86 iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, pamoja na pacha wake Subaru BRZ, katika matoleo mengi zilitoka kiwandani na rimu za inchi 17 zenye upana wa inchi 7 na ofseti (umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaokalia habu) ya milimita 48, zikiwa zimevishwa tairi za 215/45R17. Ukiitazama kwa nyuma utaona kwamba magurudumu yamerudi ndani ya madigadi kuliko umbo la bodi linavyodai, na hiyo ndiyo sababu inayowaleta wateja wengi kwenye karakana yangu hapa Mombasa kuomba spesa, yaani visahani vya alumini vinavyokaa kati ya habu (kitovu cha chuma kinachozunguka na kulibeba gurudumu) na rimu ili kulisogeza gurudumu nje. Wachache huzihitaji kwa sababu wamefunga kalipa kubwa za breki ambazo zinagusana na mikono ya rimu. Kwa wote huwa natanguliza jambo moja: ukiweza kununua rimu yenye ofseti inayokufaa, inunue, kwa kuwa kila kipande unachokiongeza kati ya habu na rimu ni kipande kimoja zaidi cha kukaguliwa.

Kabla ya kushika spana, elewa kinacholibeba gari. Watu wengi hudhani kwamba uzito hukalia studi, yaani bolti zinazochomoza kwenye habu, wakati ukweli ni kwamba nati hufanya kazi ya kuibana rimu dhidi ya habu kwa nguvu kubwa kiasi kwamba msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaozuia gurudumu lisiteleze. Spesa huongeza uso mwingine katika mnyororo huo. Ikiwa kuna kutu, rangi, grisi au chembe ya mchanga kati ya nyuso hizo, mkazo hupungua kadiri uchafu unavyosagika, nati hulegea, na hapo ndipo studi huanza kupinda na hatimaye kukatika. Maelekezo yote yaliyo hapa chini, hata yale yatakayoonekana kuwa ya kuchosha, yanatokana na hilo.

Hatua ya kwanza: kupima nafasi

Egesha gari mahali tambarare, kisha lisukume mbele na nyuma mita chache ili sasipensheni itulie katika kimo chake cha kawaida. Ning'iniza uzi wenye timazi kutoka kwenye ukingo wa madigadi, juu kabisa ya katikati ya gurudumu, halafu upime kwa rula umbali wa mlalo kutoka kwenye uzi hadi ubavu wa tairi. Pima magurudumu yote manne, kwa maana gari lililowahi kugongwa na kunyooshwa mara nyingi hutofautiana kushoto na kulia kwa milimita kadhaa.

Kipimo hicho si unene wa spesa. Tairi la nyuma hupanda na kushuka, na la mbele hupanda, hushuka na pia kukata kona, kwa hiyo acha akiba, na mbele iwe kubwa zaidi. Kwa rimu na tairi za asili, mimi huanza na milimita 20 pande zote, na nyuma nakwenda hadi 25 pale tu timazi inaporuhusu. Spesa ya milimita 20 huishusha ofseti kutoka 48 hadi 28 na kuongeza upana kati ya magurudumu ya kushoto na kulia kwa milimita 40. Ongezeko hilo lina gharama yake: beringi ya habu hupata mzigo wenye mkono mrefu zaidi, na usukani huanza kukuletea mkononi kila shimo la barabara kwa ukali kuliko zamani. Anayetaka milimita 30 kwa ajili ya picha huwa namshauri aende akafikirie upya.

Hatua ya pili: kuchagua spesa sahihi

Hapa ndipo nembo ya Toyota inapowaponza wengi. Gari hili, liwe na nembo ya 86 au ya BRZ, liliundwa katika kiwanda cha Subaru mkoani Gunma, Japani, na habu yake ni ya Subaru: studi tano kwenye duara la milimita 100, tundu la katikati la milimita 56.1, na uzi wa studi wa M12x1.25, yaani kipenyo cha milimita 12 na hatua ya milimita 1.25 kutoka mkunjo mmoja wa uzi hadi mwingine. Premio, Allion na Wish, ambazo zimejaa barabarani kwetu, nazo zina studi tano kwenye duara la milimita 100, lakini tundu lao la katikati ni la milimita 54.1 na uzi wao ni M12x1.5. Muuzaji wa vipuri atakuambia kwa nia njema kabisa kwamba "ni Toyota, zinaingia". Spesa ya Premio haitaingia kwenye habu ya 86, na nati ya Premio itaingia mizunguko miwili hivi kisha ianze kukwama. Ukiilazimisha kwa mashine ya upepo, utakuwa umeiharibu studi.

Spesa ziko za aina mbili. Ya kwanza ni kisahani chenye matundu matupu ambacho studi za gari hupitia hadi kwenye rimu, na kwa kuwa kisahani hicho hula urefu wa studi, kikizidi milimita chache ni lazima studi zibadilishwe ziwekwe ndefu. Ya pili hufungwa kwenye habu kwa nati zake fupi, nayo ina studi zake yenyewe zinazoishika rimu. Kwa milimita 20 na kuendelea nachagua ya pili, na mwongozo huu unaifuata hiyo.

Dai spesa iliyochongwa kutoka kwenye alumini ya kufuliwa, kwa kawaida ya daraja la 6061-T6, si ya kumiminwa kwenye kalibu. Ndani iwe na tundu la milimita 56.1 linaloshika mdomo wa habu, na nje iwe na mdomo wake wa kipimo hichohicho utakaoipokea rimu. Bila midomo hiyo miwili, rimu itawekwa katikati na nati peke yake, na usukani utatetemeka hata baada ya kubalansi. Spesa mbili nyembamba zisipangwe moja juu ya nyingine ili kupata unene mmoja, hata kama muuzaji amezifunga pamoja.

Jambo la mwisho la kukagua kabla ya kulipa ni ncha za studi za asili. Kwenye spesa ya milimita 20, ncha hizo huweza kuchomoza kupita uso wa spesa, na zikikosa pa kuingia, rimu itakalia ncha za studi badala ya kukalia spesa. Rimu nyingi zina mifuko iliyochimbwa mgongoni, kati ya matundu ya nati. Chukua unga uliokandwa, ujaze kwenye mifuko hiyo, ibandike spesa mahali pake, kisha upime kwa kalipa ya kupimia kina cha mifuko na urefu wa ncha. Ikiwa mifuko haitoshi, chukua spesa nene zaidi ikiwa nafasi ipo, au uache mpango wenyewe.

Hatua ya tatu: kuliinua gari

Legeza nati robo mzunguko gari likiwa bado chini. Weka vizuizi kwenye magurudumu yatakayobaki ardhini, inua ekseli moja kwa jeki, kisha ulikalishe gari kwenye stendi. Usifanye kazi kwenye jeki peke yake hata kwa gurudumu moja.

Hatua ya nne: kusafisha habu

Tenga muda mrefu kwa hatua hii. Kwetu pwani upepo wa chumvi huila habu ya chuma upesi, na gari lililofika bandarini kutoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, huja na kutu yake tayari. Vua kalipa ya breki pamoja na mabano yake, uining'inize kwa waya ili uzito usiangukie mpira wa breki, halafu uvue diski. Nyuma hakikisha breki ya mkono imeachiwa, kwa sababu viatu vyake vimo ndani ya diski. Diski ikigoma usiipige nyundo usoni. Ina matundu mawili yenye uzi wa M8, na ukizungusha bolti mbili humo kwa zamu, nusu mzunguko kila upande, itajisukuma nje yenyewe.

Sugua uso wa habu, mdomo wake na pande zote mbili za kitovu cha diski kwa brashi ya waya, ukimalizia na msasa laini hadi chuma kionekane. Zingatia kuzunguka mashina ya studi, mahali ambapo brashi kubwa haifiki. Miaka kadhaa iliyopita nilifunga spesa nne kwa mteja, nikarudishiwa gari siku ya pili kwa sababu usukani ulikuwa ukitikisika kuanzia kilomita 90 kwa saa. Nilibalansi magurudumu mara mbili bila mafanikio. Nilipovua kila kitu nikakuta ganda la kutu lenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo nyuma ya diski ya mbele kushoto, karibu na shina la studi. Tangu siku hiyo huwa navua diski zote nne bila kujadiliana na mtu.

Futa nyuso zote kwa dawa ya kusafishia breki na uziache zikauke. Unaweza kupaka grisi ya shaba nyembamba sana kwenye ukingo wa mdomo wa habu, ili alumini na chuma visigandamane, lakini isifike kwenye uso unaobanwa wala kwenye nyuzi za studi. Uzi wenye grisi huongopea spana ya kupimia mkazo: utasoma namba ileile huku studi ikivutwa kupita kiasi.

Hatua ya tano: kuikalisha spesa

Rudisha diski, mabano na kalipa, ukikaza bolti zake kwa kipimo cha kitabu cha gari, kisha ivalishe spesa kwa mkono bila nati. Inatakiwa iingie kwa kusukumwa kidogo na ikae bila kuyumba. Chunguza shina la mdomo wa habu, mahali unapokutana na uso: pana kipinda kidogo, na ikiwa ukingo wa ndani wa spesa haukukatwa pembe, utakalia kipinda hicho na kuacha mwanya mwembamba usioonekana. Pitisha ukanda wa karatasi kuzunguka ukingo wote. Ukipenya mahali popote, iondoe spesa na utafute kinachoizuia.

Sasa weka nati fupi zilizokuja na spesa, wala si nati za zamani za rimu. Zianze kwa vidole, kisha mtu wa pili akanyage breki wakati unakaza kwa mpangilio wa nyota, yaani ukiruka kila mara kwenda nati ya upande wa pili, kwanza kidogo, halafu nusu, halafu mkazo kamili ulioandikwa na mtengenezaji wa spesa. Ukimaliza, laza rula juu ya uso wa spesa na uhakikishe hakuna nati iliyochomoza hata kwa unene wa ukucha.

Hatua ya sita: kufunga rimu

Safisha mgongo wa rimu kama ulivyosafisha habu, uipachike kwenye mdomo wa spesa, na uanze nati kwa vidole huku ukihesabu. Kanuni ni kwamba uzi ulioshikana uwe na urefu usiopungua kipenyo cha studi. Kwa M12 yenye hatua ya milimita 1.25, hiyo ni mizunguko kumi kamili. Ukihesabu sita au saba kisha nati ikakaza, acha hapo na utafute sababu. Tumia nati za koni kwa rimu za asili, na kama rimu ni za kununua, fuata umbo la kikalio chake.

Kaza kwa nyota hadi gurudumu lisitikisike, shusha gari mpaka tairi liguse ardhi, kisha umalizie kwa spana ya kupimia mkazo hadi newtonimita 120, ambayo ndiyo namba ya kiwanda kwa gari hili. Mashine ya upepo iache ukutani.

Hatua ya saba: majaribio

Paka chaki nene ndani ya ukingo wa madigadi na kwenye bitana ya plastiki. Kata usukani hadi mwisho pande zote mbili gari likitembea polepole, kisha pakia watu wawili na mzigo na upite juu ya matuta kwa mshazari, ili upande mmoja ubonyee kuliko mwingine. Chaki ikifutika mahali popote, tairi linagusa, na spesa hiyo ni nene mno kwa gari hilo. Baada ya hapo endesha kwa mwendo wa barabara kuu ukisikiliza mtetemo.

Ukishatembea kati ya kilomita 50 na 100, acha magurudumu yapoe, yavue, na ukaze upya nati za spesa kwanza, halafu za rimu. Wengi hukaza za nje pekee kwa kuwa ndizo zinazoonekana. Rudia ukaguzi huo kila tairi linapovuliwa, na weka spana yako ya kupimia mkazo kwenye buti pamoja na nati mbili za akiba za M12x1.25, kwa maana siku utakapopata pancha njiani, fundi wa tairi atakupatia za Premio.