Kongamano la afya la watu wenye ulemavu Tabora: anzeni na njia, mlango na choo

Bajeti nyingi za makongamano haya huanza na fulana na mabango. Anzeni na nauli, njia na choo, kwa sababu mtu asiyeweza kufika, kuingia au kujisaidia hajashiriki, hata kama jina lake limo kwenye orodha ya mahudhurio.

Miezi mitatu kabla, kaeni na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri pamoja na viongozi wa vyama vilivyo chini ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu Tanzania, wakiwemo CHAVITA wa viziwi na TLB wa wasioona. Wao ndio wapange mada. Chagueni Juni hadi Agosti: mvua hakuna, na joto kali la Septemba na Oktoba halijafika.

Ukumbi ukaguliwe na mtumiaji wa kiti mwendo, akiwa kwenye kiti chake, nanyi mkiwa na futi kamba. Uwazi wa mlango uwe sentimita 90. Penye ngazi jengeni mteremko: kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Kwa hiyo ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji sentimita 180, na ngazi tatu zinahitaji zaidi ya mita 5. Mafundi wengi hukosea hapa. Wanaegesha ubao mfupi, kiti kinapanda na kubinuka kinyumenyume. Saruji ya mteremko iachwe na mikwaruzo, isilainishwe, maana ikilowa itateleza.

Halafu kuna mchanga wa Tabora. Magurudumu madogo ya mbele huzama, mtu akakwama hatua chache tu kutoka mlangoni. Kuanzia gari linaposhushia watu, shindilieni moramu au tandikeni mbao zilizofungwa pamoja.

Choo cha kuchuchumaa kinarekebishika: seremala atengeneze kiti imara chenye tundu, kimo cha sentimita 45 hivi, na vyuma vya kushikia vifungwe ukutani. Mlango ufunguke kwa nje, ili anayeanguka ndani asiuzibe.

Wakalimani wa lugha ya alama ukumbini wawe wawili, wapokezane kila dakika 20 hadi 30. Aliyechoka huanza kuruka maneno, na asiyejua alama hatagundua. Wasimame penye mwanga, dirisha lisiwe nyuma yao. Mkalimani wa tatu akae kwenye meza za vipimo. Hapo fungeni pazia: kiziwi ana haki ya faragha kama wengine, na alama huonekana kutoka mbali.

Wenye ualbino wasipangwe foleni juani. Wekeni turubai, mfanye uchunguzi wa ngozi, na mgawe losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi mkieleza kwamba ikipakwa mara moja asubuhi haitoshi. Hurudiwa kila saa mbili ukiwa nje. Watumiaji wa viti mwendo wafundishwe kuzuia vidonda vya mgandamizo, yaani vinavyotokana na kukaa muda mrefu bila kujigeuza: kujiinua kwa mikono au kuegemea mbele kila dakika 15 hadi 30, na kukagua matako na visigino kila jioni kwa kioo kidogo. Mada hii ipewe saa nzima, kwa vitendo. Vidonda hivi huanza kama wekundu au weusi usiouma kwa asiye na hisia, na vikichimbika huweza kuua.

Nauli ilipwe siku hiyohiyo, na ya msindikizaji pia. Anayepewa rufaa kwenda Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, aondoke na karatasi yenye tarehe na kliniki, na kwa asiyeona isomwe kwa sauti mbele ya mtu anayemwamini. Baada ya wiki mbili mpigieni kila mmoja. Kiziwi mtumieni ujumbe.