Maganda ya kahawa yarudi mlimani: ushauri kwa wakulima na sehemu za kazi za Elgon

Msimu wa kuchuma ukishachanganya kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, mto uliopo chini ya kiwanda cha kumenyea kahawa utautambua kwa harufu kabla hujauona. Maji yana rangi ya chai kavu, povu limeshika kwenye mawe, na kando yake kuna kilima cha maganda mekundu yanayooza na nzi wamejaa. Panda kidogo tu kutoka hapo, utamkuta mkulima aliyeleta kahawa asubuhi ileile akilalamika kwamba mibuni yake imechoka, majani yamekuwa manjano, na mbolea ya dukani haishikiki kwa bei. Nimewahi kuyasikia malalamiko yote mawili kwa siku moja, la mto na la shamba, na watu wenyewe wamesimama karibu karibu. Hakuna aliyeona kwamba dawa ya mmoja ndiyo uchafu wa mwingine.

Kwa hiyo ushauri huu ni wa mwenye shamba, na vilevile ni wa msimamizi wa kiwanda, mpishi wa shule, mganga wa zahanati na mwenye kitalu cha miche. Kuanzia Bududa na Sironko mpaka Kapchorwa na Bukwo, wote tunaishi kwenye mteremko mmoja. Kinachomwagwa juu hufika chini, na kinachobebwa kwenda chini kikakaa hukohuko huacha udongo wa juu mtupu.

Tuanze na hesabu. Kila kilo 100 za matunda mabivu ya arabika, kahawa ya huku mlimani, hutoa karibu kilo 40 za maganda mabichi. Kikundi kilichopeleka tani 10 kimeacha kiwandani tani 4 za kitu kilichonyonywa kutoka kwenye mashamba ya wanachama wake. Maganda hayo yana potasiamu nyingi, ambayo mbuni huihitaji sana wakati wa kujaza punje, na yana naitrojeni pia. Zamani wengi tulimenya nyumbani kwa mashine ya mkono, na maganda yakaishia kwenye migomba nyuma ya jiko. Viwanda vya pamoja vimeleta kahawa safi na bei bora, na mimi naviunga mkono kabisa. Ila ile njia ya maganda kurudi nyumbani ilikatika, na hatukujenga nyingine.

Hata hivyo, usiyachukue mabichi ukayamwaga kwenye shina. Maganda mabichi hupata joto, huchachuka na kuleta nzi. Isitoshe, ndani yake hubaki matunda yaliyoipita mashine bila kumenywa, na humo anaweza kuwamo yule mdudu mdogo mweusi anayetoboa kahawa. Ukiyatawanya hivyo, umempa lifti mpaka kwa jirani yako. Joto la mboji iliyopangwa vizuri humuua.

Mboji yenyewe itengenezwe kiwandani, si nyumbani kwa kila mtu. Sababu yangu ni mgongo wa mkulima. Maganda mabichi ni maji matupu, na kuyapandisha mlimani ni adhabu. Mboji iliyoiva ni nyepesi sana kuliko maganda iliyotokana nayo. Chagueni mahali palipo sawa, penye kivuli, mbali na mto. Wekeni chini vijiti na mabua ya mahindi ili hewa ipite, halafu tabaka la maganda la kama sentimita 20, juu yake majani makavu ya migomba au nyasi kavu, kisha samadi ya mbuzi au ya ng'ombe kidogo na majivu ya kunyunyiza tu. Rudieni mpaka lundo lifike urefu wa mita moja na robo hivi. Upana usizidi mita moja na nusu, la sivyo katikati pataoza bila hewa na kunuka. Funikeni kwa majani ya migomba.

Kipimo cha unyevu ni ngumi. Kamata konzi, bana: vikitoka vitone viwili vitatu, ni sawa. Ikichuruzika, ongeza majani makavu, na hili ndilo kosa la kawaida kwa maganda ya kahawa kwa sababu huja yakiwa yamelowa. Kipimo cha joto ni fimbo. Ichomeke mpaka katikati ya lundo, iache dakika kumi, ichomoe uishike. Ikiwa ya moto, kazi inaendelea. Ikiwa baridi na lundo lina wiki moja tu, kuna kitu kimekosekana, mara nyingi samadi au hewa. Pindueni baada ya wiki mbili, kisha kila wiki mbili au tatu, na hakikisheni yaliyokuwa nje yanaingia ndani ili nayo yapate joto. Baada ya miezi mitatu au minne mtapata kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya udongo wa msituni.

Debe moja kwa kila mbuni kwa mwaka latosha kuanzia, mvua zinapoanza. Usilisukume kwenye shina. Zungushia chini ya ncha za matawi, na penye mteremko weka nusu mwezi upande wa juu, maji yenyewe yatashusha rutuba kwenye mizizi. Funika kwa matandazo.

Na usafiri? Kule Kapchorwa na Bukwo punda hushuka amebeba kahawa akarudi mgongo mtupu. Bodaboda vivyo hivyo. Safari ya kurudi imeshalipiwa. Kiwanda kikiandika kwenye daftari kilo za matunda za kila mkulima, kiandike pembeni madebe ya mboji anayodai, na ayachukue siku anayokuja tena. Wazee wetu waliunda Bugisu Cooperative Union mwaka 1954 ili wauze kahawa kwa sauti moja. Kuandika safu moja zaidi kwenye daftari hakuwezi kutushinda sisi.

Neno kidogo kwa wenye robusta, kahawa ya maeneo ya chini, kule tambarare na ukanda wa Ziwa Victoria: kwenu jihadharini na makapi makavu ya kinu yanayouzwa kwa gari bila kujulikana yametoka wapi. Ugonjwa wa mnyauko ulioonekana Uganda mwaka 1993 na kuua mibuni mingi ya robusta unaweza kusafiri na makapi ya miti iliyougua. Yaozesheni kwanza, na mnapopanda upya tafuteni miche ya KR, yaani aina za robusta zinazostahimili ugonjwa huo, zilizotolewa na watafiti wa kahawa wa Kituza, Mukono.

Turudi mlimani, kwenye maji ya kiwanda. Yana sukari ya utomvu wa kahawa, na yakiingia mtoni vijidudu huila sukari hiyo na kumaliza hewa ambayo samaki wanaitegemea. Mwenye kiwanda atumie maji yaleyale kumenya zaidi ya mara moja, na ya mwisho ayaelekeze kwenye mashimo mawili yanayofuatana, la kwanza la kuchuja mabaki na la pili la kunywewa na ardhi, chokaa kidogo ikitiwa kupunguza uchachu. Kingo za mashimo zipandwe majani ya napia. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu kingo za mito zinalinda mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa na mita 30 kwa mingine. Sheria hiyo inamgusa pia mkulima anayelima mpaka majini. Ukanda ule panda napia, upate chakula cha ng'ombe na samadi ya lundo.

Sasa mitaro, na hapa naomba msome taratibu. Maofisa ugani wengi, nami nikiwamo, tumehimiza mitaro ya fanya juu na fanya chini miaka yote: chimba sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana, ukifuata kontua, yaani mstari unaokatiza mteremko kwa usawa mmoja, iliyopimwa kwa fremu yenye umbo la A, pandisha udongo juu au uushushe chini, kisha panda majani kwenye tuta. Kwa mteremko wa wastani sina cha kubadilisha. Lakini miteremko mingi ya Bududa na Bulambuli ni mikali mno, udongo wake ni mzito na wa kina kirefu, na maji yakisimama mtaroni hunywewa yakaongeza uzito na kulainisha udongo mpaka unaachia. Machi 1, 2010, mlima uliiangukia Nametsi, Bududa, ukafunika nyumba, maduka na zahanati, na mamia ya watu wakapotea. Baadhi ya walionusurika walihamishiwa Kiryandongo, mbali na mlima. Novemba 2024 Bulambuli nayo ikalia kwa maporomoko kama hayo. Siwezi kuandika kuhusu mitaro nikanyamaza juu ya hayo.

Kwa hiyo penye mkali sana, hasa kwenye bonde lililojipinda kama kiganja ambako maji hukusanyika, usichimbe mtaro wa kushika maji. Chimba mdogo wenye mwelekeo hafifu wa kuyatoa polepole mpaka kwenye njia ya maji iliyooteshwa nyasi. Tegemea zaidi mizizi: mistari ya nyasi za napia au vetiva, kaliandra ambayo mbuzi huipenda, na miti yenye mizizi ya kina kati ya mibuni, kama mringaringa, ambayo hutoa kivuli na kudondosha majani. Usikate mlima kwa wima kutengeneza kiwanja cha nyumba au cha kiwanda. Ukiona ufa mrefu kwenye udongo, miti iliyoinama ghafla, au chemchemi mpya imetokea pasipokuwa na maji, mwambie mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, siku hiyohiyo, na wanaokaa chini ya mteremko wahame wakati mvua bado inanyesha. Shule na zahanati zilizo chini ya miteremko ya namna hiyo zichague mapema njia ya kukimbilia, na watoto waipite kwa miguu yao angalau mara moja kila muhula.

Shule nazo zina jambo lao: kuni. Posho (ugali) na maharagwe ya wanafunzi mia kadhaa hula miti mingi, na miti hiyo hutoka kwenye mteremko uleule. Jambo rahisi kuliko yote ni kuloweka maharagwe usiku kucha. Yatawahi kuiva na mpishi ataona mwenyewe lundo la kuni linavyodumu. Baada ya hapo jengeni jiko la udongo linaloziba sufuria vizuri na lenye bomba la moshi, kaushieni kuni bandani, na shamba la miti la shule lisiwe la mikalitusi karibu na chemchemi, maana hunywa maji mengi. Majivu ya jiko hilo yapelekwe kwenye lundo la mboji.

Mwisho, kaveera, yaani mifuko ya plastiki. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019. Sisi Uganda sheria tunayo, lakini kaveera bado zinaonekana kila mahali. Shambani hazipitishi maji wala mizizi, na mbuzi akizila hufa tumbo limejaa. Wakulima tuna sehemu yetu ya lawama, kwa kuwa vifuko vya miche ya kahawa tunavichana siku ya kupanda na kuviacha palepale kwenye shimo. Mwenye kitalu awadai wateja warudishe vifuko kabla ya kuchukua miche ya awamu ya pili. Na mkichukua taka za soko la Mbale kwa ajili ya mboji, zichambueni kwanza sokoni, kabla hazijapakiwa garini, kwa sababu zikishafika shambani hakuna mwenye muda.

Haya yote yanahitaji kikao kimoja kabla ya matunda ya kwanza kuwa mekundu. Aitwe mwenyekiti wa kikundi, msimamizi wa kiwanda, mwalimu mkuu, mwenye kitalu, LC1, na akina mama wanaochota maji chini ya kiwanda, ambao mara nyingi hawaitwi na ndio wanaojua siku gani mto uliharibika. Wao wasemeshwe kwanza. Kisha mwende pamoja kwa miguu mpaka kiwandani, mwonyeshane lundo litakaa wapi, na kabla ya kuachana mkate mabua ya mahindi ya tabaka la chini.