Rangi za kweli kutoka faili ghafi: jua cha kutoa na cha kuzidisha

Somo hili ni la wenzetu wanaopiga picha za nyota hapa Mombasa na pwani kwa jumla, kisha wakazirundika (kuunganisha picha nyingi kuwa moja) na kupata anga la kijani, nebula iliyopauka au nyota nyeupe tupu. Wengi hukimbilia vitelezi vya rangi mwishoni. Kufikia hapo rangi imeshapotea. Hutengenezwa mapema, namba zikiwa bado kama zilivyotoka kwenye kihisi cha kamera.

Kanuni ni moja: kilichojumlishwa hutolewa, kilichozidishwa hugawanywa.

Hatua ya 1. Piga ghafi (RAW). Kihisi chenyewe hakijui rangi, huhesabu mwanga tu. Juu yake kuna vichujio vilivyopangwa kwa utaratibu wa Bryce Bayer wa Kodak, aliyepata hataza yake mwaka 1976: katika kila pikseli nne, mbili ni za kijani, moja nyekundu, moja buluu. JPEG haifai, kamera imeshaamua kila kitu kwa niaba yako.

Hatua ya 2. Toa weusi. Hapa ndipo picha nyingi huharibikia. Kamera haianzi kuhesabu kwenye sifuri, huongeza kiasi kisichobadilika. Tuseme weusi wa kamera yako uko kwenye 2048. Kipande cha anga kina mwanga halisi wa 100 kwa nyekundu na 200 kwa kijani, kwa hiyo faili itasoma 2148 na 2248. Mizani ya weupe (kuzidisha rangi ili kilicho cheupe kionekane cheupe) inataka nyekundu izidishwe mara mbili. Ukitoa weusi kwanza, unapata 200 na 200, yaani kijivu safi. Ukizidisha kabla ya kutoa, nyekundu inaruka hadi 4296 na kijani inabaki 2248. Anga lote linakuwa jekundu, nawe unailaumu kamera bure. Piga picha za giza, kifuniko kikiwa mbele ya lenzi, kwa ISO na muda uleule, halafu programu izitoe. Usiku wetu ni wa joto na joto huongeza kelele za kihisi, kwa hiyo zipige usiku huohuo, si nyumbani kesho yake.

Hatua ya 3. Gawanya kwa flati, yaani picha za mwanga ulio sawa kote. Pembe za lenzi hupokea mwanga kidogo, na vumbi huacha madoa. Hayo ni mambo ya kuzidisha. Funika lenzi kwa kitambaa cheupe kilichonyooka, elekeza kwenye anga la asubuhi, usiguse fokasi. Flati nazo zitolewe weusi wake kabla ya kugawanya.

Hatua ya 4. Jaza rangi mbili zinazokosekana katika kila pikseli, rundika, kisha toa mwanga wa mji. Mwanga wa taa za Kilindini au Nyali umejumlishwa juu ya nyota, basi utolewe. Ukijaribu kuuondoa kwa mizani ya weupe, anga litakuwa sawa lakini nyota zote zitapinda rangi. Katika Siril, programu ya kuchakata picha za nyota, weka alama za sampuli mahali pasipo na nyota wala nebula, programu ichore mteremko wa mwanga na kuutoa. Ukiweza, elekeza kamera upande wa bahari, mteremko utakuwa mdogo tangu mwanzo.

Hatua ya 5. Mizani ya weupe. Sasa ndiyo unazidisha. Siril huzitambua nyota zilizo kwenye picha na kulinganisha rangi zake na zilizopimwa kwenye katalogi. Pasipo hiyo, tumia vizidishi vya mwanga wa mchana vya kamera yako. Usitumie mizani ya otomatiki.

Hatua ya 6. Matriksi ya kamera, yaani jedwali la vizidishi vya kuchanganya rangi tatu. Wengi huiruka. Kichujio chekundu cha kamera hupitisha pia kijani kidogo, kwa hiyo rangi zinaingiliana na picha inapauka. Matriksi huzitenganisha, kwa mfano: nyekundu mpya = 1.7 × nyekundu − 0.6 × kijani − 0.1 × buluu. Jumla ya vizidishi ni 1, ndiyo maana nyeupe haibadiliki. Kila aina ya kamera ina namba zake. Fanya hivi kabla ya kuvuta picha (hatua ya 7).

Hatua ya 7. Vuta, yaani ng'arisha sehemu hafifu ili zionekane. Chagua mvuto wa asinh (aina ya mkunjo wa kihesabu) unaolinda uwiano wa rangi tatu, la sivyo nyota zitageuka nyeupe.

Kipimo chetu kizuri ni kundi la nyota la Jabari (Orion). Mombasa iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo msimu wa kaskazi nebula yake hupita karibu na utosi, ambako hewa ni nyembamba zaidi. Betelgeuse ikitoka ya chungwa na Rigel nyeupe yenye buluu katika picha ileile, umefaulu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Faili yangu ni ya kijani tupu kabla ya kuigusa. Kihisi kimeharibika? (Likoni)*

Marahaba. Kihisi ni kizima. Vichujio vya kijani hupokea mwanga mwingi kuliko vingine, na hatua ya 5 inalisawazisha hilo. Usitumie kiondoa kijani kabla ya hapo.

*Nebula ya Carina yangu ni ya waridi, ya wenzangu nyekundu kabisa. (Diani)*

Haidrojeni hutoa nyekundu ya nanomita 656.3, na kichujio cha kiwandani huzuia sehemu yake kubwa. Lakini haidrojeni hiyohiyo hutoa pia buluu ya 486.1, kwa hiyo waridi si kosa. Tena Carina kwetu haipandi zaidi ya nyuzi 34 hivi, na hewa ya chini hula buluu. Ipige ikiwa kusini kabisa, juu kadiri iwezavyo.

*Natumia simu tu, kaka. Nina nafasi? (Kilifi)*

Unayo, mradi simu itoe DNG, aina ya faili ghafi. Matriksi ya rangi imo ndani ya faili yenyewe, na programu nyingi za kufungulia faili ghafi huisoma. Hakikisha tu kwamba haijaunguza viini vya nyota, kwa sababu pikseli iliyojaa haina rangi ya kurudisha. Punguza muda, rundika picha nyingi zaidi.