Kabla hujabadilisha prosesa ya Z80, soma maandishi mgongoni
Mnaochokonoa bodi kuukuu kwa mafundi wa Makoroboi hapa Mwanza, msidanganyike na miguu 40 ya matoleo mawili ya Z80 inayoingia soketi ileile. Ipeni Z80 amri ya ED 71 (msimbo wa heksadesimali), ambayo haikuwamo kwenye mwongozo wa Zilog, watengenezaji wake. Ile ya zamani, ya NMOS (aina ya utengenezaji wa chipu), inatoa 0 kwenye poti, yaani njia ya kupeleka data nje. Ya CMOS, aina nyingine ya utengenezaji, iliyoandikwa Z84C00, inatoa 255, yaani biti zote nane zikiwa 1. Mimi nilihangaika jioni nzima na taa nane za LED zilizogoma kuzimika, nikilaumu solda yangu (ambayo nayo, nakiri, si ya kujivunia). Kumbe chipu! Siku hizi naweka 0 kwenye rejista D (kihifadhi kidogo ndani ya chipu), kisha natumia amri ya OUT (C),D kuitoa kwenye poti. Zote mbili zinaitii.