PS3 kuukuu iwe sinema ya sebuleni: mwongozo wa hatua kwa hatua

Ukipita Ngamiani au Makorora hapa Tanga siku hizi utaona vibanda vya gemu vingi vimeshahamia PS4, na zile PS3 walizoanzia zinauzwa kwa bei ya kutupa, pedi mbili na waya zake humohumo. Mimi nazipenda kwa kazi nyingine. PS3 inatoa picha ya 1080p kwa HDMI, inasoma DVD na Blu-ray, ina tundu la mtandao wa waya, na ukishaipanga vizuri hata bibi wa nyumbani anaiendesha mwenyewe.

Nimeandika haya baada ya kumpangia mama mmoja wa Mabawa. Alikuwa na hadi diski (hard disk) ya nje iliyojaa video za harusi za wanawe na kaswida za madrasa, TV mpya inayogoma kusoma nusu ya mafaili, na sabufa ambayo hataki kuiacha kwa lolote. Maswali yake ndiyo yaleyale ninayoulizwa dukani.

Ila kwanza tuondoe ndoto moja. Wapo wanaotaka PS3 iwekewe Linux iwe kompyuta kamili. Zamani iliwezekana, kwa kipengele kilichoitwa OtherOS. Sony walikiondoa kwenye slim, yaani PS3 nyembamba, ya 2009, kisha toleo la 3.21 la tarehe 1 Aprili 2010 likakifuta hata kwenye mashine nene za mwanzo. Na hata kingekuwepo, RAM ya mfumo, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni MB 256 tu. Kivinjari cha leo hakitoshei hapo. Kuna mafundi wanaozivunja kufuli wakaweka programu za pembeni. Kwa mashine ya sebuleni mimi siifanyi kazi hiyo wala siipendekezi: kila kinachohitajika kinapatikana bila kuigusa. Laptopu ifanye kazi ya kompyuta, PS3 icheze.

Hatua ya 1: Mashine yenyewe

Chukua slim, ile ya 2009 hadi kabla ya super slim ya 2012. Zile nene za 2006 zinakula umeme karibu mara mbili, na taa ya njano ikishawaka ndiyo basi. Super slim ni nzuri, ila angalia isiwe ile yenye GB 12 tu ndani.

Geuza mashine usome namba ya modeli. CECH-2001, 2501 au 3001, yaani inayoishia na 1, ni ya soko la Marekani. Hiyo iache, hata kama ni ya bei rahisi. DVD za harusi zinazochomwa hapa kwetu huwa ni PAL, mfumo wa picha wa TV wa kwetu na Ulaya, na PS3 ya Marekani inazikataa. Ya Ulaya au Uingereza inacheza PAL na NTSC (mfumo wa Marekani) zote mbili. DVD za dukani zina mambo ya kanda pia, mashine inacheza za kanda yake tu: Tanzania tuko kanda ya 5, Uingereza na Dubai ni kanda ya 2. Kwenye Blu-ray hakuna tabu hiyo, sisi na Ulaya wote tuko kanda B.

Hatua ya 2: Picha na sauti

Chomeka HDMI. Skrini ikibaki nyeusi, usimrudishie muuzaji bado. Huko kibandani ilikuwa imewekwa kwa waya za AV. Zima hadi taa iwe nyekundu, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie. Utasikia mlio wa kwanza, endelea kushika, baada ya sekunde kama tano utasikia mwingine: achia. Itakuuliza kama unataka HDMI.

Sasa sabufa. TV nyingi mpya hazina tena matundu mekundu na meupe ya kutolea sauti, ndiyo maana watu wanakwenda kununua vigeuzi vya kila aina. Usinunue. Ingia Settings, Sound Settings, utafute Audio Multi-Output, uiweke On. Kuanzia hapo picha na sauti zinakwenda kwenye TV kwa HDMI, na papo hapo sauti inatoka kwenye waya wa AV uliokuja na mashine. Chomeka nyekundu na nyeupe kwenye sabufa, ya njano iache ining'inie. Kisha nyamazisha TV.

Hatua ya 3: Hadi diski

Diski hufomatiwa kwa mipangilio tofauti ya mafaili, na PS3 inasoma FAT32 peke yake. NTFS haioni, exFAT haioni. Hilo wengi wanalijua, wanafomati FAT32, wanachomeka, na mashine bado inasema hakuna kitu. Hapo ndipo mama wa Mabawa aliponipigia: "Mwanangu, diski inawaka taa, mbona TV inaniambia hakuna?"

Sababu ni jedwali la migawanyo, yaani ramani inayosema diski imegawanywaje. Diski nyingi kubwa zinapangwa kwa GPT, na PS3 inaelewa MBR tu. Unaweza kuifomati FAT32 hata mara ishirini. Kama chini yake kuna GPT, PS3 itakaa kimya. Kwenye Windows fungua Disk Management, bofya kulia kwenye diski, Properties, Volumes, usome mstari wa Partition style.

Njia ninayoipenda kuirekebisha ni programu ya Rufus, maana inapanga MBR na FAT32 kwa mkupuo mmoja, na haina ule ubishi wa Windows wa kukataa FAT32 ikishazidi GB 32. Rufus kwa kawaida inaonyesha flashi tu, hivyo weka tiki kwenye List USB Hard Drives. Chagua Non bootable, MBR, na Large FAT32. Kwenye Linux, programu ya GParted inatosha: tengeneza jedwali jipya la aina ya msdos, kisha mgawanyo wa fat32.

Kazi hii inafuta kila kitu. Hamisha video kwanza, na chomoa diski nyingine zote kabla ya kubonyeza Start, maana orodha ya diski inafanana na mkono ukiteleza harusi ya mtu imekwenda. MBR yenyewe inakoma TB 2, kwa hiyo usinunue diski ya TB 4 kwa ajili ya PS3.

Ukichomeka na bado huoni mafolda, simama juu ya alama ya USB kwenye safu ya Video, bonyeza pembetatu, chagua Display All. Bila hivyo PS3 inatafuta folda liitwalo VIDEO tu.

Hatua ya 4: Mafaili

Hapa ndipo watu wanapoteza usiku mzima, na wanaupoteza bure.

PS3 haichezi MKV. Mtu akishasikia hivyo anashusha programu ya bure ya kugeuza video, yenye matangazo na alama yake katikati ya picha, anaiacha laptopu inaunguruma saa tatu kwa filamu moja, na kinachotoka kina ukungu kuliko cha mwanzo. Mara nyingi hapakuwa na haja. MKV ni chombo tu. Video iliyomo ndani kwa kawaida imebanwa kwa kodeki (njia ya kubana video) ya H.264, ambayo PS3 inaicheza bila shida ikiwa ndani ya MP4. Ni sawa na kuhamisha mchele kutoka gunia kwenda ndoo: huupiki upya. Kazi inaisha kwa dakika moja au mbili na picha haipungui hata chembe.

Tumia ffmpeg. Najua ni skrini nyeusi ya maandishi na wengi mnaiogopa, lakini hakuna programu yenye vitufe ninayoiamini zaidi yake. Fungua folda lenye video, fungua dirisha la amri (Command Prompt kwa Windows) humo, andika:

ffmpeg -i harusi.mkv -c:v copy -c:a aac -ac 2 -b:a 192k harusi.mp4

Neno la kuangalia ni copy: linaiambia programu isiiguse picha. Sauti tunaigeuza kuwa AAC ya spika mbili, kwa sababu faili nyingi za MKV zina sauti ya AC3 au DTS, na PS3 haizitaki hizo ndani ya MP4. Usipoigeuza utapata picha bila sauti, au faili lote likaandikwa Unsupported Data. Ukiwa na mafaili mengi kwenye Windows, yote kwa pamoja ni hivi:

for %f in (*.mkv) do ffmpeg -i "%f" -c:v copy -c:a aac -ac 2 -b:a 192k "%~nf.mp4"

Kabla ya hapo fungua faili moja kwa programu ya MediaInfo uone kilichomo, maana si kila gunia lina mchele. Ukikuta AVC, ndiyo H.264, endelea. Ukikuta HEVC, yaani H.265, amri ya juu itakutengenezea MP4 safi kabisa ambayo PS3 haitaicheza kamwe. Mashine ilitoka 2006, kodeki hiyo ilikuwa haijazaliwa. VP9 na AV1 ni vilevile. Ukikuta AVC lakini imeandikwa High 10, hiyo ni ya biti 10, nayo haichezi. Katuni nyingi za Kijapani ziko hivyo. Na ukikuta level (kiwango cha uzito wa video) ya 5.1, usishangae picha ikikwama au ikakataa: PS3 ina uhakika mpaka 4.1. AVI za zamani za DivX na Xvid ziache kama zilivyo, zinacheza. Video za simu mpya ziangalie kwa makini, simu nyingi zinarekodi HEVC bila kukuambia. Ingia setingi za kamera ubadilishe kabla ya harusi ijayo.

Kwa hizo zisizochezeka ndipo unapika upya kweli:

ffmpeg -i video.mkv -c:v libx264 -profile:v high -level 4.1 -pix_fmt yuv420p -crf 20 -c:a aac -ac 2 -b:a 192k video.mp4

Kama video ni ya 4K, ongeza -vf scale=1920:-2 kabla ya -c:v, la sivyo level hiyo haitatosha. Ianzishe usiku, laptopu iwe kwenye chaji, na juu ya meza, si kitandani. Joto la Tanga na godoro ni maadui wawili kwa mpigo.

Maandishi ya tafsiri ya .srt PS3 haiyasomi, hata ukiyaweka folda moja na filamu. Lazima yachomwe kwenye picha: katika amri hiyo ya kupika upya ongeza -vf subtitles=video.srt. Ukiwa na scale pia, ziunganishe kwa koma ndani ya -vf moja. Copy hapa haifanyi kazi kwa sababu picha inabadilishwa.

Jambo la mwisho kwenye mafaili ni ukubwa. FAT32 haipokei faili la kufika GB 4. Video ya harusi ya saa tano kutoka kwa mpiga picha inapita hapo kirahisi. Unaweza kuikata vipande, lakini mimi huipeleka kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Kutoka kwenye laptopu

Weka Universal Media Server kwenye laptopu. Ni ya bure, na asili yake ni programu iliyoitwa PS3 Media Server, kwa hiyo inaijua mashine hii vizuri. Elekeza kwenye folda la video. Kwenye PS3, Network Settings, weka Media Server Connection iwe Enable, kisha kwenye safu ya Video chagua Search for Media Servers. Haitumii bando, ni ruta yako ya ndani tu. MKV, HEVC, srt na mafaili ya GB 8 vyote vinapita, laptopu inageuza papo kwa papo kama ina nguvu. Core i3 ya zamani itahema kwenye HEVC.

Isipoonekana, angalia Windows kama mtandao wako umewekwa Public. Weka Private.

Tumia waya. WiFi ya PS3 ni ya aina ya zamani, 802.11g, GHz 2.4 pekee; ruta ikiwa imewekwa GHz 5 tu haitaiona hata jina, na hata ikiiona, video nzito itakatakata. Waya wa mtandao wa mita kumi kutoka ruta hadi TV unamaliza hadithi hiyo.

Hatua ya 6: Rimoti na kujizima

Slim ikiwa kwenye HDMI, ingia System Settings, washa Control for HDMI, na uwashe CEC (njia ya vifaa kuamrishana kupitia HDMI) kwenye TV; kila kampuni ina jina lake kwa kitu hicho. Rimoti ya TV itaanza kuendesha PS3: mishale, OK, kurudi nyuma. Kwa mama wa Mabawa hili ndilo lililomfurahisha kuliko yote, hakutaka kabisa kushika pedi. TV isipokuwa na CEC, nunua rimoti ya PS3 ya Bluetooth. Rimoti za kawaida za miale hazitaiendesha mashine mpaka ziwe na kipokezi chake cha USB.

Halafu Power Save Settings, weka ijizime baada ya saa moja bila kuguswa. Watu wanalala kwenye kochi na LUKU inaendelea kuhesabu. Na umeme ukikatika inacheza, itakaporudi itakagua diski yake ya ndani kwanza. Iache imalize, usiichomoe.